Nawe Unatufundisha Sisi?

Mazungumzo na wakatekumeni, wadhamini na wanajumuiya, Bagamoyo, wiki ya pili ya Kwaresima

Tumsifu Yesu Kristo. Kwa ndugu zetu Walutheri na wa makanisa mengine mliokubali mwaliko, Bwana Yesu asifiwe. Kwa majirani zetu mliokaa pale nyuma, mliokuja kuwasindikiza watoto wenu na ndugu zenu, asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Baba Paroko amenipa dakika arobaini na amenikumbusha mara mbili, maana anawajua walimu wastaafu.

Mada niliyopewa ni kuijia imani ya Kikristo kwa unyenyekevu na moyo ulio wazi. Ni mada tamu kuwaambia wengine. Mtu akiwekwa mbele ya watu, akapewa kipaza sauti, akaambiwa aongelee unyenyekevu, hapo pana kazi. Kwa hiyo nitaanza na nyinyi wakatekumeni, mnaojiandaa kubatizwa, kwa sababu mmefanya jambo ambalo wengi wetu, tuliobatizwa tukiwa mikononi mwa mama zetu, hatukumbuki kulifanya.

Siku ile mlipopokelewa, mliulizwa: Unaomba nini kwa Kanisa la Mungu? Mkajibu: Imani. Nilikuwepo. Wengine mlijibu kwa sauti kubwa, wengine nilisoma midomo tu. Lakini neno la kwanza mlilotakiwa kulisema katika safari hii lilikuwa ombi. Hakuna aliyeulizwa anajua nini, wala amesoma mpaka darasa la ngapi, wala nyumbani kwao wanasali wapi. Sisi wengine waliotuombea ni wazazi wetu, na mtu aliyeombewa kitu akiwa mchanga hukua akidhani alizaliwa nacho. Hapo ndipo kiburi cha dini kinapoanzia, na nitarudi kwetu sisi baadaye, msijali.

Haraka haikuwa desturi ya Kanisa katika jambo hili. Katika karne za mwanzo kulikuwa na mahali ambapo mtu alikaa ukatekumeni miaka mitatu. Mapadre Weupe, shirika la wamisionari ambalo msafara wake wa kwanza ulipita hapahapa Bagamoyo mwaka 1878 kuelekea kwenye maziwa makuu, walikuwa na sharti la mwanzilishi wao Lavigerie, aliyekuja kuwa Kardinali: ukatekumeni wa miaka minne. Minne! Na nyinyi mliniuliza mwezi wa kwanza kama Pasaka haiwezi kusogezwa mbele kidogo. Lakini angalieni na upande wa pili. Katika misheni hizohizo, huko Buganda, Karoli Lwanga alimbatiza kijana Kizito na wenzake wachache siku chache kabla hawajauawa kwa ajili ya imani yao, mwaka 1886. Lwanga hakuwa padre. Alikuwa mtumishi wa ikulu, na yeye mwenyewe alikuwa amebatizwa Novemba 1885, miezi michache tu kabla. Saa ilipofika, aliyeshika maji alikuwa mtu ambaye hapa kwetu tungemwita "wa juzi".

Sasa niondoe kikwazo kimoja njiani. Huku pwani tunamsifu mtoto mtulivu, asiyejibizana na wakubwa. Kwa hiyo tukisikia unyenyekevu tunafikiria kuinamisha kichwa, kusema "ndiyo, mwalimu", na kwenda zetu. Mkatekumeni wa namna hiyo ni raha kumfundisha, na ndiye anayenitia hofu kuliko wote. Sijui anabeba nini moyoni. Siku mambo yatakapomwendea kombo, mtoto akaugua au biashara ikaanguka, atagundua kwamba alikuwa anakubaliana na mimi tu. Na Mungu alikuwa hajamuuliza kitu.

Soma Matendo ya Mitume sura ya 17. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo kwa moyo mzuri kabisa, halafu wakaenda kuyachunguza Maandiko kila siku kuona kama aliyoyasema ndivyo yalivyo. Hebu fikiria, wanamkagua Paulo! Na Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anawaita waungwana. Hakuona utovu wa adabu hata kidogo.

Kijana mmoja katika darasa letu aliwahi kuuliza: "Mwalimu, kama Mungu anajua haja zangu kabla sijaomba, naomba ya nini?" Wenzake wakaguna, mmoja akamvuta shati. Lakini nusu ya kwanza ya swali lake ni maneno ya Yesu mwenyewe, Mathayo sura ya 6, kwamba Baba yenu anajua mnayohitaji kabla hamjamwomba. Na ukitazama, baada ya kusema hivyo Yesu hakufunga mjadala. Mstari unaofuata ndipo anapofundisha Baba Yetu. Maana yake kijana alisimama palepale ambapo Bwana aliwasimamisha wanafunzi wake, na sisi tulikuwa tunamvuta shati akae chini.

Jumapili ya nne ya Kwaresima, kwa ajili yenu mnaojiandaa kubatizwa, itasomwa Injili ya Yohana sura ya 9, yule aliyezaliwa kipofu. Naomba mnisikilize hapa vizuri kuliko pengine pote, kwa sababu kama ningekuwa na dakika kumi tu ningezitumia zote kwenye sura hii.

Yesu anampaka tope machoni, anamtuma kwenye birika la Siloamu, anarudi anaona. Majirani wanamuuliza: yuko wapi huyo mtu? Anasema: sijui. Anapelekwa kwa Mafarisayo. Wao wanajua. Wanasema waziwazi, sisi tunajua ya kuwa mtu huyo ni mwenye dhambi. Yeye anajibu: kwamba ni mwenye dhambi sijui, najua neno moja, kwamba nalikuwa kipofu na sasa naona. Fuatilieni hayo mawili katika sura nzima. Wasomi kila wakifungua kinywa wanakuja na "tunajua". Ombaomba wa barabarani anasema "sijui", na bado hatetereki katika lile moja alilopata. Hajifanyi anajua zaidi ya hapo. Wala haoni haya kusema kile anachokijua ili tu awafurahishe wakubwa. Mimi sijapata picha ya unyenyekevu iliyo safi kuliko hiyo.

Halafu angalieni anavyokua. Mwanzo anasema "mtu yule aitwaye Yesu". Baadaye kidogo anasema "ni nabii". Wanapozidi kumbana anafika kusema kwamba mtu huyo asingetoka kwa Mungu asingeweza kutenda lolote. Mwisho, Yesu anapomuuliza kama anamwamini Mwana wa Adamu, bado anauliza: ni nani, Bwana, nipate kumwamini? Mpaka dakika ya mwisho ana swali mdomoni. Ndipo anasema, naamini, na kumsujudia. Wale wengine walisimama mwisho wa sura palepale walipokuwa mwanzoni, isipokuwa sasa wana hasira.

Na hasira yenyewe ilitoka na sentensi moja ambayo naomba muiandike kwenye daftari: "Ulizaliwa katika dhambi tupu, nawe unatufundisha sisi?" Wakamtoa nje.

Nawe unatufundisha sisi. Sentensi hiyo nimeisikia kwa Kiswahili cha siku hizi mara nyingi. Nimeisikia kwenye vikao vya jumuiya, mama mwenye genge anapotoa wazo na mtu mwenye shahada anatazama simu. Nimeisikia kwa walokole wakiongelea Wakatoliki na kwa Wakatoliki wakiongelea walokole. Haina haja ya kutamkwa. Inasemwa kwa kugeuza shingo.

Miaka ya nyuma tulikuwa na mzee mmoja mvuvi darasani. Hakujua kusoma, alikuja akiwa bado na magamba mikononi, na alikaa karibu na mlango ili aone bahari inakaaje. Siku hiyo tulikuwa na Marko sura ya 4, dhoruba ziwani, Yesu amelala na chombo kinajaa maji. Nilieleza kama nilivyofundishwa: alilala kwa sababu alimtegemea Baba. Mzee akaniuliza, "Alilala wapi?" Nikamsomea tena: katika shetri, juu ya mto. Akasema, "Shetri ndiko kwenye usukani, mwalimu. Abiria mwenye wasiwasi halali pale, anakaa anamtazama mshika usukani. Huyo kalala kwa sababu kawaona wenye chombo wanaijua kazi."

Darasa likanyamaza. Nikakumbuka kwamba Simoni na Andrea walikuwa wavuvi, Yakobo na Yohana wavuvi, na ziwa lile ndilo walilokulia. Mimi nilikwenda pale kuwafundisha kumwamini Yesu. Mzee alikuwa ananiuliza kama nimewahi kufikiri kwamba Yesu naye aliwaamini wao. Ukisoma kwa jicho hilo, hata swali lake la mwisho, mbona mmekuwa waoga, linasikika tofauti. Sisemi tafsiri ya mzee iingizwe kwenye katekisimu. Baba Paroko ananitazama, nimemwona. Ila nasema vitabu nilivyokuwa navyo mezani havikunipa kile, na aliyenipa ni mtu niliyeambiwa nimfundishe Salamu Maria.

Nimesema mengi ya Maandiko, sasa tutoke nje kidogo. Mgeni akija Bagamoyo anaambiwa hapa ndipo mlango wa imani katika bara letu la Tanzania. Wamisionari wa Roho Mtakatifu, Wafaransa, walikuwa Zanzibar tangu 1863, na mwaka 1868 Padre Antoine Horner na wenzake wakaanzisha misheni hapa. Hayo yote kweli. Lakini ardhi ya kaskazini ya mji walipewa na wenyeji wa mji wa Kiislamu, na ulipotokea ugomvi na Wazaramo juu ya ardhi hiyo, waliosuluhisha walikuwa wajumbe wa Sultani wa Zanzibar, kwanza Majid na baadaye Barghash. Mlango tunaojivunia ulifunguliwa na watu wasiosali kama sisi. Mwaka 1872 kimbunga kikaja kikabomoa majengo, wakaanza upya. Nendeni makaburi yao kule misheni mkasome miaka yao kwenye mawe. Wengi walikuwa vijana, na homa haikuwauliza cheo. Waliohitaji kufundishwa namna ya kuishi pwani hii, maji ya kunywa, chakula, lugha, ni wao.

Na tusidanganyane kuhusu upande mwingine. Kijiji cha Kikristo kilijengwa kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, wengi wao wakiwa watoto. Ilikuwa kazi ya huruma kubwa. Lakini siku zao zilipangwa kwa kengele, kusali kwa kengele, kulima kwa kengele, na hawakuulizwa sana wanataka nini. Wengine hawakuridhika na wengine waliondoka. Mtu anaweza kumtoa mwenzake kwenye mnyororo na bado asimsikilize. Nalisema hili nikiwapenda waliotuletea imani, na nadhani wao wenyewe, huko waliko, hawatanichukia.

Kuna usiku mmoja katika historia ya mji huu ambao naufikiria mara kwa mara. Tarehe 24 Februari 1874 ulifika hapa mwili wa David Livingstone. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia kijijini kwa Chitambo, katika nchi inayoitwa Zambia leo. Wenzake wa safari, Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wengine makumi, wanaume kwa wanawake, waliuzika moyo wake kulekule, Wainwright akasoma sala, kisha wakaukausha mwili na kuubeba zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano mpaka pwani. Hakuna aliyewaamuru. Mwili ukalazwa katika kanisa la misheni. Yaani Mskoti Mprotestanti, ndani ya kanisa la Wakatoliki wa Kifaransa, ameletwa na Waafrika ambao si wote walikuwa Wakristo, katika mji wa Waislamu. Kama kuna mtu anatafuta mkutano wa madhehebu na dini, ulishafanyika hapa bila mwaliko na bila bajeti.

Kilichofuata kinauma. Wabebaji wengi walilipwa ujira wao na kuambiwa waende. Mwili ukavuka Zanzibar na kupelekwa Uingereza, ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Kati ya wote waliotembea miezi ile, aliyekuwepo mazishini ni Wainwright peke yake. Susi na Chuma walifika baadaye. Lakini walipofika, Horace Waller, aliyekuwa anahariri shajara za mwisho za Livingstone, aliketi nao awaulize: hapa palikuwaje, mto huu uko upande gani, siku hii alisema nini. Karatasi zilikuwepo, mwandiko ulikuwepo, na bado bila watu wawili waliokuwa wakihesabiwa watumishi, msomi asingeelewa sehemu za kile alichokuwa anasoma. Huyo angalau hakusema "nawe unatufundisha sisi".

Nimebakiza mambo mawili. La kwanza linawahusu baadhi yenu mliotoka nyumba za Kiislamu, na mnalijua kabla sijalisema. Usitoke hapa na cheti cha ubatizo ukaenda kumkejeli bibi yako. Bibi aliyekuamsha alfajiri, akakukataza kula bila kumshukuru Mungu, akakufunza kumpa maskini bila kutangaza, huyo amekupa vitu ambavyo mimi nimevikuta tayari vimo ndani yako. Sikuvipanda mimi. Na usije ukasema mwalimu amembatiza bibi kwa mlango wa nyuma. Bibi ana imani yake na anaijua kuliko unavyoijua yako. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, unasema Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima, na unataja wazi kwamba wanamwabudu Mungu mmoja, wanasali, wanafunga, wanatoa sadaka.

Moyo wazi hauna maana ya kusema yote ni mamoja. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta haamini kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, na mimi naamini, na nitaamini mpaka wanizike. Hatufichani. Mwezi wa Ramadhani sahani inavuka ua kuja kwangu, Krismasi inavuka kwenda kwake, na mwaka mume wake alipolazwa ni mimi niliyekaa na wajukuu. Petro anasema tuwe tayari kumjibu kila anayetuuliza habari za tumaini lililo ndani yetu, lakini kwa upole na kwa hofu. Watu wanakariri nusu ya kwanza. Mmewahi kusimama kwenye mihadhara ya viwanjani, Biblia huku na Kurani kule, kila upande unafungua kitabu cha mwenzake kutafuta pa kumchoma? Nimesimama, ujanani, nikashangilia na wengine. Watu walitoka wakijua nani kashinda. Sijamwona aliyetoka anapenda kusali zaidi.

La pili ni letu sisi wadhamini na wazaliwa wa imani. Niliahidi kurudi. Apolo wa Aleksandria alikuwa mtu wa ufasaha, hodari katika Maandiko, na alipofika Efeso alihubiri kwa moto. Waliomsikiliza wakaona kuna kitu hakijakaa sawa ni Priska na Akila, mke na mume, mafundi wa mahema. Wakamchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu vizuri zaidi. Walimchukua kwao: hawakumkatiza sinagogi mbele ya watu. Na yeye mhubiri mkubwa akakubali kukaa na mafundi, mmojawapo mwanamke, akasahihishwa. Luka hata hatusimulii kwamba ilikuwa vigumu. Mimi nadhani ilikuwa vigumu.

Kwa hiyo mdhamini, mkatekumeni wako akikuuliza swali, kabla hujajibu muulize yeye anaonaje. Usiogope kunyamaza baada ya hapo. Ukiwa hujui, sema hujui, mtafute katekista pamoja, msindikize, usimtume. Na akisema jambo ambalo hujawahi kulisikia, usikimbilie kuuliza kalitoa wapi.

Jumapili ijayo, ya tatu ya Kwaresima, tunasoma mwanamke Msamaria kisimani, Yohana sura ya 4. Mje mmesoma sura nzima, siyo kipande kitakachosomwa altareni tu. Angalieni ni nani anayeomba maji kwanza. Inayofuata ni huyu kipofu wetu, na ya tano ni Lazaro, sura ya 11. Wasio na Biblia waonane na katekista leo kabla hajafunga ofisi. Wasiosoma vizuri, wasomewe na wadhamini wao nyumbani, kwa sauti, mara mbili.

Sasa maswali. Wataanza wakatekumeni, sisi wengine tutasubiri.